Kisanduku cha Mwisho kwenye Kadi

Machi 2, Jumapili

Mvua imeanza leo saa nane mchana, bila hodi. Nguo zote zilikuwa kwenye kamba.

Shangazi amenipa daftari hili. Amesema, "Andika unachokiona. Ukiandika ulichosikia, sema umekisikia kwa nani." Ndivyo alivyo. Hata akikuagiza chumvi dukani, unatoka mlangoni ukijiona shahidi mahakamani.

Nitalitunza. Nilipokuwa darasa la nne nilipoteza daftari langu la imla. Tulilitafuta hadi nyuma ya kabati na hatukuliona, na mwalimu akanipigisha magoti kipindi kizima. Sitaki aibu ile tena.

Kwa mtu atakayesoma haya baadaye: niko kidato cha tatu. Baba alifariki nikiwa mdogo sana. Naishi na dada yake mkubwa, ambaye ndiye Shangazi. Mama alikwenda nchi ya mbali kutunza wazee majumbani mwao, kwa mkataba wa miaka miwili. Huu ni mwaka wa sita. Hupiga simu Jumapili moja na kuruka moja. Leo ilikuwa zamu yake. Tumeongea dakika saba.

Machi 3

Mvua. Hesabu: kumi na moja juu ya ishirini.

Machi 8, Jumamosi

Nimekwenda kumsaidia Shangazi ofisini kwake chuoni. Anastaafu mwisho wa Mei, na chumba kinatakiwa kiwe tupu.

Shangazi ni mwanahistoria wa wahamiaji. Watu wakisikia hivyo hudhani anaandika habari za meli na mipaka. Yeye anaandika habari za watu. Alipoanza, mkubwa wake wa kazi alimwambia wahamiaji ni tarakimu, ahesabu tu walioingia na waliotoka. Akaitikia vizuri, akachukua baiskeli, akaenda kwenye makambi ya wajenzi wa reli, kwa madobi, kwenye majiko ya hoteli, akauliza mtu mmoja mmoja. Miaka thelathini na minane. Baiskeli ya tatu sasa. (Hayo nimeyasikia kwake mwenyewe na kwa Bwana Funguo, ambaye namweleza hapa chini.)

Kila mtu ana kadi yake. Ziko elfu nne mia sita na kitu, kwenye droo za mbao zinazofika darini. Kila kadi ina mistari ileile: Jina. Alikotoka. Alikokwenda. Alichobeba. Aliowaacha. Nani kasema. Na mwisho kabisa, chini kulia, kisanduku kidogo: Alirudi.

Sheria ni tatu. Kilichoonekana kwa macho, au kwenye hati, kinaandikwa kwa wino. Kilichosimuliwa kinaandikwa kwa penseli. Kisichojulikana hakiandikwi.

"Na swali la kwanza ni lipi?" akanipima.

"Kwa nini ulihama?"

"Hapana, mwanangu. Ukimuuliza mtu kwa nini, anajitetea. Muulize alibeba nini. Hapo anakumbuka."

Bwana Funguo ndiye mtunza nyaraka wa chuo. Anatembea na shada la funguo kiunoni, nusu yake za milango iliyokwisha kubomolewa. Akaniangalia juu hadi chini. "Huyu ndiye karani mpya? Mikono umenawa?"

"Nimenawa."

"Nawa tena. Watu wa kadi hizi ni wakubwa wako kwa umri. Waamkie."

Nikaziamkia droo. Akacheka mpaka funguo zikalia.

Machi 16, Jumapili

Mama amepiga. Nilimwuliza, "Unarudi lini?" Huwa namwuliza. Akasema, "Tutaona, mama yangu." Kisha mtandao ukawa mbaya. Nimeanza kuona kwamba mtandao huwa mbaya baada ya swali hilo tu.

Machi 22, Jumamosi

Balaa. Dari la ofisi limevuja usiku wa kuamkia leo. Droo tatu za chini zimelowa. Tulizitandaza kadi juu ya magazeti, kwenye meza, kwenye viti, kwenye dirisha, mpaka Bwana Funguo akawa anasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Wino umetawanyika, penseli imebaki. Shangazi hakulalamika. Alikuwa anainua kila kadi kwa vidole viwili kama anayemtoa mtoto kwenye beseni.

Zilizoharibika ni mia tatu na kumi na mbili. Amenipa mimi kazi ya kuzinakili upya, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Amenipa na ufunguo wa droo, uko kwenye uzi wa buluu. Nimeuvaa shingoni, ndani ya sare.

Machi 25

Kadi ishirini na sita. Mkono unauma. Nina furaha.

Aprili 5

Mia moja na tisini. Shule imefungwa kwa likizo fupi, kwa hiyo niko ofisini kutwa. Watu walibeba vitu vya ajabu: cherehani bila meza yake, ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuuzwa, jino la mtoto kwenye kiberiti.

Kisanduku cha mwisho mara nyingi ni kitupu. Nimeanza kukitazama kwanza kabla ya jina.

Aprili 13, Jumapili

Mama amepiga. Yule bibi anayemtunza amemwomba aendelee, na mkataba umeongezwa. Miaka miwili mingine. Alisema haraka haraka, kisha akaniuliza kama viatu bado vinanitosha. Nikasema ndiyo. Havinitoshi.

Shangazi alikuwa jikoni. Hakuniuliza kitu. Aliniwekea chai, akakaa.

Aprili 14, Jumatatu

Kadi namba 1188. Mwanamke, dobi. Aliondoka kwa meli kwenda kutafuta kazi, akamwacha mtoto wa kiume kwa jirani. Alichobeba: patupu. Aliowaacha: mtoto mmoja, miaka sita. Aliyesimulia ni yule jirani, miaka mingi baadaye.

Kwenye kisanduku cha Alirudi kulikuwa na doa la buluu. Wino wa kadi ya juu ulikuwa umeshukia hapo. Au labda palikuwa na neno. Niliiinua kadi kwenye mwanga, nikaigeuza. Lilikuwa doa.

Nikaandika "Ndiyo". Kwa wino.

Nimeandika hapa niliyoyaona kwa macho yangu.

Aprili 15

Mvua.

Aprili 16

Mvua. Ningeweza kuichana ile kadi na kuandika nyingine. Sikuichana. Nikipita karibu na droo ile najisikia vizuri, kama kuna mtu mmoja amefika nyumbani.

Aprili 21, Jumatatu

Shangazi anaandika mhadhara wake wa kuaga. Utakuwa juu ya waliorudi. Amezipitia kadi zote nilizonakili, na leo nimemkuta amesimama katikati ya chumba, miwani kichwani, kadi mkononi.

"Njoo uone. Huyu hapa! Wanawake walioacha watoto, katika droo zote, sina hata mmoja aliyerudi kwa uhakika. Kumbe ninaye. Kwa wino, maana yake niliona orodha ya meli." Akaigeuza kadi. "Ajabu, simkumbuki. Kichwa changu siku hizi ni chujio."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema.

Nilisema, "Labda ni zamani sana, Shangazi."

Akanipiga begani kwa upendo. "Nitaanza na huyu. Mhadhara wangu wote utafunguliwa na huyu."

Aprili 27, Jumapili

Bwana Funguo anatafuta orodha ya abiria ya meli ile. Siku ya sita sasa. Anapiga chafya kama bunduki. "Mama huyu aliingia kwa mlango gani?" aliuliza juzi. "Nimefungua masanduku yote. Au alirudi kwa kuogelea?"

Shangazi akacheka. Mimi nikaenda kunawa mikono.

Mama alipiga. Nilimwambia nina kazi nyingi za shule. Sikumwuliza chochote, naye akaaga upesi.

Mei 3, Jumamosi

Mtoto amepatikana.

Mjukuu wa jirani yule bado anaishi mtaa uleule, na alimwambia Shangazi kwamba yule mtoto ndiye Fundi Saa, anayetengeneza saa kwenye kibanda karibu na posta. Shangazi sasa amekumbuka kwamba alimtafuta zamani wakati anaandika kadi ile, akaambiwa amehamia mji mwingine kikazi. Kumbe alirudi kitambo. Amemwandikia barua na kumwalika ofisini Jumamosi ijayo.

"Umemwandikia nini?" nikauliza.

"Kwamba nina habari za mama yake, na ni njema. Mengine nitamwambia uso kwa uso. Si jambo la kuweka kwenye bahasha."

Nilitaka kusema. Nilifika mlangoni kwake mara tatu. Mara ya tatu akasema bila kuinua kichwa, "Ukitaka sukari iko pale pale," nikachukua sukari ambayo sikuitaka.

Mei 8

Sijalala vizuri. Jirani yangu wa dawati, ambaye tunamwita Redio, ameniuliza kama nimeachwa na mchumba. Nikamwambia sina mchumba. Akasema, "Basi ameondoka mapema kuliko wote."

Mei 10, Jumamosi

Nataka niandike yote kwa mpangilio.

Fundi Saa alifika dakika ishirini kabla ya muda. Amevaa koti lenye harufu ya dawa ya nondo, na viatu vimepigwa rangi mpaka chini ya soli. Ana miaka sabini na minne. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba radhi kwa kuwahi. "Saa za watu nazituliza," akasema, "yangu ndiyo inakimbia."

Shangazi alimkalisha kwenye kiti kizuri. Bwana Funguo alileta chai, kisha badala ya kutoka akasimama karibu na mlango, ameshika funguo zisilie. Kadi 1188 ilikuwa mezani.

"Mzee wangu," Shangazi akasema, "nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na mara chache napata la kumwambia mtu. Mama yako alirudi."

Fundi Saa alikuwa na kikombe mkononi. Alikiweka chini taratibu sana, kama anayeweka kioo cha saa.

"Alirudi lini?"

"Tarehe tunaitafuta."

"Alirudi hapa? Mji huu huu?"

"Ndiyo."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya droo. Nilitarajia alie kwa furaha. Nakiri, nilikuwa nimeshalifikiria hilo, na ndiyo maana nilikuwa nimenyamaza mpaka siku ile: niliona kama nampa zawadi.

"Mimi nilikaa nyumba ileile alimoniacha hadi nina miaka kumi na tisa," akasema. "Mlango uleule wa kijani. Yule mama jirani alikataa hata kuubadilisha rangi, mama yangu asije akaupita." Alikuwa anaitazama kadi, haigusi. "Sasa kama alirudi, mbona hakubisha hodi?"

Mvua ilikuwa inapiga kwenye bati la kibaraza.

"Miaka yote hii mimi najua hakurudi," akaendelea, na sauti ilikuwa ndogo. "Nikajua kuna kilichomzuia. Maradhi, kazi, bahari. Sikumlaumu hata siku moja. Wanangu niliwaambia bibi yenu alizuiwa. Leo nimevaa koti hili nikaja, na mnaniambia hakuna kilichomzuia. Alifika, akapita zake."

"Babu," nikasema. "Hakurudi."

Wote wakanigeukia.

"Sijui kama alirudi. Hakuna anayejua. Ni mimi niliyeandika hapo. Palikuwa patupu, nikaandika mimi."

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Mara ya tatu nilikuwa nalia, lakini nilirudia. Ndipo alipoegemea kiti na kushusha pumzi ndefu.

Sikuthubutu kumtazama Shangazi.

"Uliandika kwa nini?" Fundi Saa akaniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayefungua kifuniko cha saa ili aone kilichokwama.

"Nilitaka arudi."

Akanitazama sana. "Na wako yuko wapi?"

"Nje. Kikazi."

"Mwaka wa ngapi?"

"Wa sita."

"Sita?" Akatikisa kichwa. "Wewe uko chekechea. Mimi sitini na minane."

Sijui kama alikusudia tucheke. Bwana Funguo alitoa sauti pale mlangoni, akaigeuza kuwa chafya.

Kisha Shangazi akavuta droo ya meza, akatoa kadi mpya, nyeupe, na penseli. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kazini. "Mzee wangu, nakuomba radhi. Kosa limetoka ofisini kwangu, na ni mimi niliyekuita. Kama utakubali, tuanze upya. Siku ile mama yako alibeba nini?"

Akashika kingo za kiti, nikadhani ataondoka.

"Birika," akasema. "Hilo hajawahi kuniuliza mtu. Birika letu la pekee. Nilikasirika, nikamwambia sasa tutachemshia chai nini? Akasema atarudi nalo. Lilikuwa na pengo hapa, kwenye mdomo, linamwaga pembeni. Kila siku tunapangusa meza." Akapangusa meza ya Shangazi kwa kiganja, ingawa ilikuwa kavu.

Aliongea kwa karibu saa mbili. Kadi haikutosha, ikashonwa na ya pili. Walipofika kwenye Aliowaacha, Shangazi alishika penseli, naye akamzuia mkono.

"Hapo weka jina langu. Na weka kwa wino. Hilo sikusimuliwa. Mimi nilikuwepo."

Shangazi akaandika kwa wino.

Kwenye kisanduku cha mwisho mzee aliweka kidole chake, ukucha mweusi kwa mafuta ya saa. "Hapa pabaki hivihivi," akasema. "Hapa nimepazoea."

Alipoondoka, Shangazi alinyoosha mkono kwangu. "Ufunguo."

Nikavua uzi shingoni, nikampa.

Mei 11, Jumapili

Mama amepiga. Nilisema naumwa kichwa. Ilikuwa kweli.

Mei 13

Shangazi anaongea nami yale ya lazima tu. Kula. Funga dirisha. Mwavuli.

Mei 15, Alhamisi

Leo ameniita chumbani kwake baada ya shule. Juu ya kitanda kulikuwa na kadi moja, imechakaa pembe zote. Namba 1.

Ni ya babu, aliyewazaa Shangazi na baba yangu. Alikuja mjini hapa akiwa na miaka kumi na saba. Alichobeba: shuka moja, sufuria moja. Alikotoka: patupu.

"Hakutaka kusema kwao ni wapi," Shangazi akasema. "Alipokufa, hatukujua tupeleke barua wapi. Nilikuwa na umri wako na kidogo. Kuna watu huko labda wanamsubiri mpaka leo, na sisi hatuna hata jina la kituo. Ndiyo sababu nilianza kazi hii. Si vitabu. Ni hapo." Akagusa pale patupu. "Miaka thelathini na minane nimetafuta. Miji miwili inafanana na maneno yake, lafudhi, nyimbo alizokuwa anaimba akinyoa ndevu. Ningechagua mmoja, nani angenipinga? Unafikiri sijawahi kushika kalamu?"

"Uliishika?"

"Mara nyingi. Nikaiweka chini mara hizo hizo."

Nikamwomba msamaha. Nilishaomba kabla, lakini leo nilijua naomba kwa ajili ya nini.

"Na mimi nina langu," akasema. "Niliposoma lile 'Ndiyo', moyo wangu uliniambia si kweli. Nikausingizia uzee. Nilitaka mhadhara mzuri." Akavaa miwani. "Sasa nina siku nane na sina mhadhara. Nenda kaweke maji jikoni."

Mei 19

Anaandika. Anachana. Anaandika.

Mei 23, Ijumaa

Mhadhara ulikuwa leo saa kumi. Ukumbi haukujaa, mvua ilizuia wengi. Fundi Saa alikaa mstari wa mbele na koti lake, saa yake ya mfukoni iko wazi gotini.

Shangazi hakuzungumza juu ya waliorudi. Alizungumza juu ya kisanduku kitupu. Alieleza kwamba mwaka huu kadi moja ilijazwa kimakosa ofisini kwake, na kwamba yeye aliiamini kwa sababu alitamani iwe kweli. Hakunitaja. Alisema, "Anayebaki ana haki moja ambayo sisi wenye kalamu tunaweza kumnyang'anya kwa neno moja jema. Ni haki ya kungoja kitu cha kweli." Kisha akasoma habari za birika, kwa ruhusa ya mwenyewe. Nilisikia watu wanasogea kwenye viti.

Baadaye Fundi Saa alikuja kumpa mkono. "Umezidisha dakika nne," akamwambia.

"Nitumie bili ya kunirekebisha."

"Wewe hurekebishiki," akasema, wakacheka wote wawili kama watu wa zamani.

Nyumbani Shangazi alinirudishia ufunguo kwenye uzi wa buluu. Pamoja nao akanipa kadi. Namba ya mwisho kabisa, elfu nne mia sita na sitini na moja. Jina la mama. Ameiandika siku nyingi zilizopita, kingo zimeanza kuwa njano. Alikokwenda: pameandikwa. Aliowaacha: binti mmoja, kwa penseli.

"Kwa nini penseli?" nikauliza. "Wewe uliniona."

"Nilikuona. Lakini sijawahi kukuuliza."

Nimelichukua lile neno la penseli, nikaandika jina langu juu yake kwa wino. Mimi nilikuwepo.

Alichobeba: patupu. Alirudi: patupu.

Mei 25, Jumapili

Asubuhi hii hakuna mvua. Ni mara ya kwanza nasikia ndege wa uani tangu Machi.

Mama amepiga saa nne. Akaniuliza kichwa, akaniuliza shule, kisha akanyamaza, nikajua anangoja lile swali langu na ameshajikaza. Kadi ilikuwa mbele yangu mezani.

"Mama," nikasema, "siku ile ulipoondoka, ulibeba nini?"

"Nilibeba nini vipi?"

"Kwenye sanduku. Ulibeba nini?"

Mtandao haukuwa mbaya. Nilimsikia akivuta kiti, akakaa. Akaanza: nguo tatu, sweta la kuazima, dawa ya meno, picha ya baba. Akacheka alipokumbuka sabuni za kufulia kumi na mbili, alidhani huko hakuna sabuni. Akasita.

"Na kitu kingine. Sijui kama utanisamehe."

"Nini?"

"Daftari lako la imla. La darasa la nne. Lilikuwa mezani, sijui hata nilifikiri nini. Nilitaka mwandiko wako. Nilivyosikia ulipigishwa magoti nilishindwa kusema, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo nilivyoshindwa zaidi."

Nikaibana simu sikioni.

"Liko hapa chini ya mto," akasema. "Nikusomee?"

Nikamwambia asome. Akasoma imla ya kwanza, ya mvua na mkulima. Akasoma ya pili. Alisoma polepole kama mwalimu, na nukta akazitaja. Tuliongea dakika hamsini na mbili.

Nimejaza mstari wa Alichobeba, na mwishoni kabisa nimeandika: daftari la imla, la binti yake. Nimeandika kwa penseli, kwa kuwa nimesimuliwa. Siku nitakayoliona kwa macho yangu nitapitisha wino juu yake.